Alama Nyekundu Kwenye Kipimo cha Chumba Namba Tatu

Siku mliyoniaga kazini mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye anayehitaji kujua saa. Nawashukuru hata hivyo. Nimeitundika sebuleni na tayari nimeifungua mara mbili kuona ndani yake kuna nini. Binti yangu ananiambia, “Mama, kaa chini.” Nakaa. Punde si punde niko jikoni, kiganja kiko ubavuni mwa friji, nasikiliza kama inapumzika au inahangaika. Nachomoa chaja ya mtu ukutani. Natoka nje bila sababu, narudi ndani bila sababu. Miaka yote niliwahubiria kwamba mashine isiyo na kazi izimwe, na sikuwahi kujiuliza mtu asiye na kazi anazimwa vipi.

Siku hiyo hiyo, keki ikikatwa, mmoja wenu alichukua kisu akataka kukwangua ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha baridi, kile chenye kitufe cha kuzungusha kando ya mlango wa chumba namba tatu. Alidhani anasafisha. Nilimfokea mpaka wageni wakanyamaza, halafu nikala keki kana kwamba hakuna kilichotokea. Mliniuliza ule mstari ni wa nini, nikasema uacheni tu. Hilo halikuwa jibu. Jibu lenyewe nimelipata wiki iliyopita, na tangu nilipate situlii. Kwa hiyo naandika. Nitaanza mbali kidogo, lakini nitafika.

Niliingia kampuni ile ya samaki, pale ufukweni Kisumu, nikiwa msichana mwembamba kutoka Port Victoria. Kazi yangu ilikuwa karani wa vyumba vya baridi. Kila saa nilizunguka vyumba vinne na daftari, nikasoma vipimo, nikaandika. Aliyenipokea ni fundi wa mitambo ya baridi, Mzee Oluoch. Wakati huo hata mvi hakuwa nazo, lakini kila mtu alimwita Mzee kwa sababu ya hasira zake.

“Wewe umetoka wapi?” aliniuliza.

“Port Victoria.”

“Haya, Nyar Port.” Yaani binti wa Port, na jina langu la Nekesa likaishia hapo. “Hii mlango ukifungua, unahesabu mpaka tano, umefunga. Ukifika sita, umeua samaki yangu.”

“Si wameshakufa, Mzee?”

“Walikufa mara moja. Wewe usiwaue mara ya pili.”

Mambo niliyojifunza kwake hayamo kwenye kitabu chochote nilichosoma baadaye. Alinifundisha kuitambua kompresa kwa sikio, kwamba ikinguruma kwa vipindi iko sawa, na ikinguruma bila kukoma kuna joto linaingia mahali. Alinifundisha kugusa bomba kwa nyuma ya vidole, si kwa kiganja. Alinifundisha kwamba baridi haiingizwi chumbani; joto ndilo linalotolewa, na kila chembe ya joto unayoitoa inakula umeme. Hilo la mwisho lishikeni, kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisahau, na mimi nilikaa kimya nikijua amelisahau.

Mkewe, Rispa, alikuwa mkata minofu pale pale kiwandani. Alikuwa mkubwa wa mwili na wa sauti. Kiwandani rangi ya kucha ni marufuku kwa sababu ya chakula, basi Rispa alipaka nyekundu Jumamosi baada ya kazi na kuifuta Jumapili jioni, kila wiki, miaka yote. Akina mama wenzake walimtania kwamba anapoteza rangi. Aliwajibu kwamba hata Mungu alipumzika siku moja akiwa amependeza.

Kisha kompyuta zikaja. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka kujua kila mbuta, yaani sangara, ametoka ufuo gani, amevuliwa na mashua gani, amekaa kwenye baridi ya kiasi gani, na madaftari yangu hayakuwatosha. Nilipelekwa kusomea mambo hayo kwa sababu, walisema, mwandiko wangu ni mzuri. Nikarudi fundi wa kompyuta. Zikahitaji chumba. Samaki walikuwa wamepungua na chumba namba tatu kilikuwa hakitumiki, kuta nene, mlango mzito, kufuli imara. Wakubwa wakapiga makofi. Mzee Oluoch akaambiwa akipe chumba baridi, na yeye, fundi mwaminifu, akakipa baridi aliyoijua. Aligeuza kipimo mpaka nyuzi nne, akafunga kisanduku cha kipimo kwa kufuli, akaweka ufunguo mfukoni.

“Vitu ya maana inakaa nne,” alisema.

Hakuna aliyeuliza. Ofisi nyingine mjini ziliziwekea kompyuta zao kiyoyozi cha kawaida. Sisi tulizihifadhi kama mbuta. Nadhani ni kampuni ya samaki peke yake duniani ingeweza kufanya kosa hilo, na ikajivunia. Wageni walipotembelea tuliwavisha makoti mazito ya kiwandani, wakatoka wakipuliza vidole na kusema hawajaona chumba cha kumbukumbu cha namba hiyo.

Kompyuta zenyewe hutoa joto, mnajua. Kwa hiyo kompresa ilipigana nazo mchana kutwa. Nyuzi nne hazikufika ila kona ya ndani, chini ya feni. Kwingine ilikuwa vita tu. Stima ikipotea, na Kisumu mvua ya alasiri ikitaka stima huipoteza, jenereta iliwashwa kwa ajili ya chumba kile kwanza, na moshi wa dizeli uliingia kwenye dirisha la kantini mpaka ugali ukawa na harufu yake. Halafu maji. Kila mlango ulipofunguliwa, hewa ya ziwa iliingia, ikakutana na baridi ile, ikageuka matone. Yalining'inia kwenye dari na kuteleza ukutani. Nilizifunika mashine kwa nailoni. Nilikuwa fundi wa kompyuta mwenye ndoo na tambara.

Mara moja tu nilimwambia. “Mzee, hizi mashine hazihitaji baridi hii. Hata ishirini na kitu zingekaa vizuri.”

“Nani amekuambia?”

“Vitabu.”

“Hicho kitabu kimeshika bomba lini?”

Wengine waliokuwapo walicheka, nikacheka nao, mambo yakaisha. Ningeweza kwenda kwa meneja. Sikwenda. Ungemshtaki vipi mtu aliyekufundisha kusikia? Niliendelea kupiga deki miaka mingi, na kila nilipokamua tambara nilijiambia kesho nitasema tena.

Wakati huo akiba yetu ya kumbukumbu ilikuwa inajaa, na si kwa habari za samaki. Ninyi mmekuta mambo yamenyooka, kwa hiyo mtaona kama natania. Mfanyakazi akifiwa, kamati iliundwa siku hiyo hiyo. Tangazo lenye picha lilitumwa kwa kila mtu. Baadaye kijitabu cha wasifu, kurasa nyingi, picha za rangi. Baada ya mazishi, video nzima, kuanzia mochari hadi ugali wa mwisho. Na kila mtu aliyepokea aliihifadhi kwenye kompyuta yake ya kazi, na kompyuta zote zilinakiliwa kila siku chumba namba tatu. Marehemu mmoja alikuwa kwetu mara nyingi kuliko wafanyakazi walio hai. Na hakuna aliyethubutu kufuta. Kumfuta marehemu ni kutafuta maneno. Kila mwaka tulinunua rafu nyingine ya diski, zikatoa joto lake, na kompresa ikanguruma zaidi.

Rispa alipofariki, ghafla, kwa shinikizo la damu, kiwanda kizima kilikwenda Usenge, nyumbani kwa Mzee, kumzika. Video yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Katikati, mpiga picha alichomeka kipande kidogo kutoka sherehe yetu ya mwisho wa mwaka: Rispa amevaa gauni la maua, anamgombeza msimamizi kwa utani, halafu anageukia kamera na kuitandazia kucha zake kumi nyekundu, akicheka. Hakukuwa na picha nyingine ya Rispa akitembea na kusema. Mzee alipewa diski yake ya video, wajukuu wakaichezea mpaka ikakwaruzika, naye hakujali sana. “Ile ya kweli iko kwa baridi,” alisema. “Huko haiwezi oza.”

Miaka kadhaa baadaye meneja aliniita. Wanunuzi wa ng'ambo sasa waliuliza tunachoma dizeli kiasi gani, na walipopima, chumba changu kilikuwa kinakula umeme kuliko ofisi zote za ghorofani zikijumlishwa.

“Mama Nekesa,” alisema, “ama hicho chumba kipunguze kula, ama tukifunge na kumbukumbu zote zipelekwe Nairobi.”

Nilifurahi, nakiri. Hatimaye mtu alikuwa ameuliza. Nilipanga kuanza na nakala: kila kitu kibaki mara moja au mbili, si mara mia. Vya zamani vihamishwe kwenye kanda za sumaku, zile kaseti kubwa, kwa sababu kanda ikishaandikwa hukaa kwenye rafu bila kula hata punje ya umeme. Diski zitakazobaki tupu zizimwe na kuondolewa. Mpango mzuri. Bado nauona mzuri.

Nilianza na mapokezi, kwa Akoth, katibu wa kamati ya mazishi.

“Nifute Baba Owino?” aliniuliza, mkono uko kifuani. “Mama, huu mkono wangu ndio ufute mtu?”

“Hufuti mtu, Akoth. Unafuta nakala. Yeye mwenyewe amelala kwao.”

“Basi kuja ubonyeze wewe.”

Ndipo nikapata wazo nililoliona la heshima. Nikabandika tangazo: kila idara ibaki na nakala moja ya kila marehemu, na ichague mtu mmoja wa kuitunza, wengine wafute bila hofu. Watu walipumua. Walifuta kwa kasi ambayo sikuitarajia. Kile nisichokifikiria, mimi niliyeishi nao miaka yote ile, ni kwamba kama hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumfuta marehemu, basi hakuna ambaye angetaka kubaki naye peke yake. Akiwa kwa wote, ni msiba wa wote. Akibaki kwako tu, mezani pako, kila siku ukiwasha kompyuta mko wawili. Kwa hiyo kila mtu alifuta yake akiamini mwenzake ameshika. Uhasibu waliwategemea watu wa stoo, stoo wakawategemea mapokezi, na mapokezi wakamtegemea Mama Nekesa.

Mzee Oluoch alinijia karakana ilipofungwa kwa chakula cha mchana.

“Ya Rispa usiguse.”

“Siigusi, Mzee. Nimeiweka kwenye kanda.”

“Kanda iko wapi?”

“Chumba namba tatu. Rafu ya kona ya ndani.”

“Chini ya feni?”

“Chini ya feni.”

“Hapo ndio baridi kabisa,” alisema, na uso ukalegea. “Hapo sawa.”

Niliweka pale kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Nilikuwa napiga deki kona ile kila asubuhi. Naandika sentensi hii na kuinuka kitini, nimezunguka meza, nimerudi. Nilikuwa napiga deki kona ile kila asubuhi.

Na kanda ilikuwa moja. Kanuni inataka mbili, sehemu mbili tofauti. Lakini niliamini idara zina za kwao, nikaona ya pili ni ubadhirifu, nami nilikuwa kwenye vita na ubadhirifu. Diski za zamani nilizisafisha moja moja kabla ya kumpa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, isipokuwa mbili zilizokuwa zimekufa, zisizokubali kusomwa wala kufutwa. Hizo zilipaswa kupigwa nyundo mbele yangu. Nilikwenda kutafuta nyundo. Niliporudi mkokoteni ulikuwa umeshatoka getini.

Mwaka uliofuata familia ilipanga ibada ya kumbukumbu na kuweka msalaba kaburini. Mzee alikuja amevaa shati safi.

“Nyar Port, nipe mama. Tunataka watu wamuone.”

Nikaenda kona ya ndani. Kasha la kanda lilikuwa linatoka jasho. Nilipolifungua, utepe ulikuwa na ukungu mweupe pembeni, na tabaka zilikuwa zimegandana. Nilikausha nje siku tatu. Nilijaribu. Mashine iliuvuta utepe, ikalia, ikautema. Nilimpigia mtaalamu Nairobi aliyenifundisha. Aliniambia nisijaribu tena. Nikapita meza kwa meza. Kila mmoja alininyooshea kidole mwenzake, na nilipofika mapokezi Akoth alianza kulia kabla sijauliza. Mpiga picha alikuwa ameibiwa vifaa vyake zamani. Nikaenda soko la Kibuye, nikapekua marundo ya vyuma vya kompyuta kutafuta zile diski mbili zenye mwandiko wangu. Sikuziona.

Nilimkuta Mzee karakana, ameshika spana.

“Imepotea, Mzee.”

“Imepotea aje? Si ilikuwa kwa baridi?”

Neno lilikuwa mdomoni. Ni baridi yenyewe. Ni nyuzi nne zako. Nilimwangalia mtu aliyekuwa amelinda baridi maisha yake yote, ambaye aliamini kuna mahali pamoja tu duniani ambapo mkewe hawezi kuoza, na kwamba amepatengeneza kwa mikono yake. Sikuweza.

“Niliifuta,” nikasema. “Wakati wa kusafisha. Ni mimi.”

Aliipangusa spana, akaiweka mahali pake, akaipangusa tena. “Nilikuambia usiguse.”

Tangu siku hiyo hakuniita Nyar Port. Aliniita Madam. Nilikwenda Usenge kwenye ibada, nikakaa nyuma kabisa. Badala ya video watu walisimama kusimulia. Walibishana kuhusu gauni lake la ile sherehe, mmoja akisema la maua, mwingine la bluu. Mimi nilijua ni la maua. Sikuinuka.

Jumatatu iliyofuata nilivaa koti langu zito kama kawaida, nikafungua mlango wa namba tatu, na nikalivua. Palikuwa na joto la kawaida. Kompresa ilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza nilizisikia kompyuta zenyewe, mvumo mdogo. Kisanduku cha kipimo kilikuwa wazi. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Kitufe kilisimama kwenye ishirini na nne, na mbele yake kulikuwa na mstari mdogo mwekundu.

Ufunguo ule alikuwa nao yeye tu. Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa: amenawa mikono. Ameninyima baridi yake. Anataka mashine zangu zife kama kanda yake ilivyokufa, na amechora mstari ili nijue ni makusudi.

Siku hiyo nilisimama pale na kipimajoto mkononi mpaka miguu ikauma, nikizigusa mashine moja baada ya nyingine kwa nyuma ya vidole. Mara kumi nilinyoosha mkono nikirudishe kitufe. Mara kumi nikaurudisha mkono. Mashine hazikujali. Siku ya pili hazikujali. Kufikia Ijumaa dari lilikuwa kavu na ndoo ilikuwa na vumbi. Kompresa ilinguruma kidogo, ikapumzika sana. Baada ya muda dereva wa lori la dizeli alikuja kuuliza getini kama tumefunga kampuni.

Mengine mnayajua, mmeyakuta. Kila faili linapoingia linaandikiwa siku ya kutoka. Kila kanda ina pacha wake kwenye jengo la pili, mahali pakavu. Paneli za jua ziko juu ya chumba cha barafu. Diski haitoki getini kabla haijapigwa nyundo, na sasa nyundo iko mlangoni, kwa mnyororo. Wanunuzi walitupa cheti cha kulinda mazingira, na kile kilichowavutia zaidi ni chumba cha kumbukumbu. Kimetundikwa mapokezi, kina jina langu. Mzee Oluoch alikuwa ameshastaafu kimya kimya, amerudi Usenge. Nilisimama nikapigwa picha na cheti kile. Kila siku nilipita mbele yake, na kila siku niliharakisha.

Baada ya kuniaga nimekuwa nikienda Kibuye. Wauza vyuma wamenizoea. “Mama wa Diski, leo tena?” wananiuliza, na wananivutia stuli. Napekua, nanawa mikono, narudi nyumbani. Wiki iliyopita, nikiwa katikati ya rundo, nilijiuliza ninatafuta nini hasa. Hata ningeipata ile diski imekufa. Niliyetaka kumpata hakuwa Kibuye. Asubuhi iliyofuata nikaenda Usenge.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kibandani, anabana raba kwenye mlango wa sanduku kubwa la barafu alilowaundia akina mama wa samaki. Mvi zimejaa. Kando kulikuwa na omena, dagaa wa ziwani, wameanikwa kwenye nyavu. Aliniona, akasukuma kiti kwa mguu, akaendelea na raba.

“Mzee, nimekuja kusema. Ile kanda sikuifuta. Ililowa.”

Alibonyeza raba kwa kidole gumba, inchi kwa inchi.

“Ilikuwa chini ya feni. Ni maji. Ni ile nne.”

“Najua.”

“Unajua tangu lini?”

“Hiyo siku uliniambia umefuta, niliingia huko na ufunguo yangu. Nikashika zile kanda zingine. Zote zilikuwa zinatoa jasho. Nikazipanguza na leso, moja moja. Nyar Port, maji ya baridi mimi naijua kuliko wewe.”

Kusikia jina lile kulinifanya nishike kiti. “Mbona hukusema?”

“Na wewe mbona hukusema?”

Mama mmoja alikuja kuuliza barafu, Mzee akamjibu kwa Kijaluo, mama akaenda.

“Mimi nilidhani umepandisha kipimo kwa hasira,” nikasema. “Nilidhani unataka kuniharibia mashine.”

Alicheka, kicheko kifupi, kikavu. “Kama nilitaka kuharibu, si ningeacha tu nne?”

Nikamwambia kuhusu cheti, na jina lililoandikwa. Akapunga mkono, kama anafukuza nzi. “Karatasi sikutaka. Nilitaka hiyo maji ikauke.” Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Ile alama bado iko?”

“Iko. Juzi kijana mmoja alitaka kuikwangua, nikamfokea mbele ya keki. Ila sijui hata kwa nini niliilinda. Nilidhani ni rangi tu ya karakana.”

“Karakana gani?” Aliweka bisibisi chini. “Hiyo ni rangi ya kucha ya Rispa. Chupa ilibaki kwa dirisha, watoto wakataka kutupa. Mimi nikasema, picha yake imeozea huko ndani juu ya hiyo nne yangu. Basi kitu yake moja ikae huko, na hiyo chumba isimuozeshe tena.”

Nililia pale kibandani, mbele ya omena na sanduku la barafu, na yeye akaangalia ziwa. Halafu akauliza swali la fundi. “Iko ngapi saa hii?”

“Ishirini na nne, Mzee. Hakuna aliyeigusa.”

“Na maji?”

“Hakuna maji.”

“Ero kamano,” alisema. Asante. Akaingia ndani ya nyumba, akarudi na kitu kidogo kimefungwa kwa karatasi.

Kitu hicho kiko ndani ya bahasha hii, pamoja na kurasa hizi. Ni chupa. Imekauka juu, lakini ukiitikisa bado kuna kidogo chini. Mashine mpya zinazokuja, naambiwa, zinavumilia joto kuliko hizi. Zikija, pandisheni kipimo, msiningoje, msimwogope aliyewafundisha. Ufunguo uko kwenye msumari. Kitufe kikishapata pa kusimama, choreni mstari mwingine hapo kwa chupa hii. Ule wa kwanza muuache.